Mkwe Asiyekula Ng'ombe

Hapa Kabuku ukiuliza nani anapika pilau ya shughuli, utaelekezwa kwangu kabla hujamaliza swali. Sijisifu, nasema kilichopo. Nimepikia harusi, hitima na maulidi, na hata Wakristo wa ng'ambo ya barabara wakiwa na kipaimara wanakuja kwa Mwantumu, tena wananibembeleza. Nyama ya ng'ombe naijua tangu ikiwa inatembea. Sasa fikiria mwanangu Adamu ananiletea mke kutoka Mazingara, mzuri, mchapakazi, mwenye adabu zake, halafu mke huyo, harusi haijapoa, ananiambia kwamba kwao ng'ombe ni mwiko. Hali nyama yake, na mchuzi wake hauonji.

Jina lake Shamimu. Alinieleza macho yakiwa chini, sauti ndogo, kama mtu anayeomba chumvi. Chakula cha kwanza nilichompikia siku alipoingia nyumbani kilikuwa pilau ya ng'ombe, na alikila. Nilipomkumbusha, akasema siku ile alikuwa mgeni, aliona haya kukataa, na amejuta kuvunja mwiko wa wazee wake.

Mwiko wa ukoo siubishi. Huku kwetu kila ukoo una lake: wako wasiogusa kondoo, wako wasioua nyoka fulani, na hakuna anayewauliza. Nikamtengea Shamimu sufuria yake ndogo yenye mfuniko wa bluu. Humo nilimpikia kunde, kisamvu, dagaa, na siku za furaha kuku. Sufuria ile haikukaa pamoja na zangu, na upawa wake nilikuwa naulinda mwenyewe. Nikisema nimeheshimu kitu, huwa nimekiheshimu kweli.

Halafu ikaja Idd, na Kibwana akaja kutusalimia. Kibwana ni kaka yake Shamimu, baba mmoja, mama mmoja. Niliweka bakuli la nyama mezani nikageuka kuchukua maji, na niliporudi nilimkuta ameshika mfupa kwa mikono miwili anaunyonya mpaka unalia. Nyama ya ng'ombe. Shamimu alikuwa amesimama mlangoni. Aliniona nikimwona kaka yake, akaingia ndani.

Nikajua basi. Mwiko wa ukoo haumchukui dada ukamwacha kaka. Mwiko hakuna, kilichopo ni mkwe asiyetaka nyama inayotoka mkononi mwangu. Liliniuma, sitaficha. Wapo wanaonifuata kutoka Segera kwa ajili ya nyama hiyo hiyo. Lakini sikumwambia mtu, wala Adamu. Mpishi wa shughuli anaishi kwa jina lake. Pale jirani palikuwa na Bi Mwanaidi, mpishi kunizidi mimi, na sisemi hivyo kwa watu wengi. Mgeni mmoja alianguka baada ya kula kwenye harusi aliyoipika. Ilikuja kujulikana kwamba mgeni yule alikuwa na moyo mbovu miaka mingi. Haikumsaidia Bi Mwanaidi. Hakuna aliyemwita tena, na mpaka anafariki upawa wake ulikuwa umening'inia ukutani una vumbi. Kwa hiyo nikaona heri watu waendelee kuamini kwamba kwao Shamimu kuna mwiko. Nikanyamaza, nikaendelea kumpikia kwenye sufuria ya bluu, na hasira yangu nikaifunika humo humo.

Miaka ikaenda. Shamimu akaanza kuumwa. Kila mwezi damu ilimtoka kupita kiasi, akawa mweupe midomoni, akipanda ngazi ya mlango anashika ukuta. Walipompima wakakuta uvimbe kwenye kizazi, mkubwa, wa kutolewa kwa upasuaji. Tukapangiwa hospitali moja kule Korogwe. Adamu alikuwa safarini na lori la machungwa, atatukuta huko huko. Nikafunga khanga zetu, nikabeba chupa ya uji, nikaenda naye mimi. Hasira ni hasira, lakini mkwe wangu hawezi kulala wodini na mtu baki.

Asubuhi ya upasuaji alikuja dada wa usingizi, yule ambaye kazi yake ni kumlaza mgonjwa na kumlinda mpaka aamke. Alijitambulisha kwa jina la Asnath, Msambaa wa Lutindi. Aliniamkia shikamoo vizuri kabla hajashika faili, na hapo hapo nikampenda. Alivuta kiti akakaa karibu na kitanda, akamuuliza Shamimu maswali mengi: meno ya bandia, pumu, dawa za kienyeji, kama amewahi kupasuliwa. Kisha akamweleza mambo yatakavyokuwa. Uvimbe ule utatoa damu nyingi. Damu ya kumwongezea iliyopo ni kidogo. Kwa hiyo kuna chupa ya maji mazito, yanayoshika nafasi ya damu ndani ya mishipa ili presha isianguke wakati damu nyingine inatafutwa. Daktari Mhina, ambaye ndiye atakayempasua, anayapenda sana maji hayo.

"Kuna dawa au chakula kinachokudhuru?" akauliza.

Shamimu akasema hakuna. Ila ng'ombe hali, kwa kuwa ni mwiko wa kwao.

Asnath akaacha kuandika. Kwa heshima kabisa akamwambia kwamba afadhali amwambie mapema, maana maji yale mazito yanatengenezwa kwa ng'ombe. Mifupa na ngozi huchemshwa, kinachotoka husafishwa sana, ndiyo yakapatikana. Wapo wagonjwa ambao kwa dini au kwa mila hawayataki, na wana haki. Je, mwiko wake unafika huko?

Shamimu hakufikiri hata kidogo. Alikuwa anataka tu jambo liishe, asimsumbue mtu.

"Haufiki," akasema. "Mwiko wetu ni wa kula. Dripu si chakula. Niwekeeni tu."

Mimi nilikuwa kwenye kigoda upande wa pili, nimeshika chupa ya uji. Nikaisikia ile hasira ya miaka yote inapanda. Yaani ng'ombe wa hospitali anaingia mpaka kwenye mishipa yake, na ng'ombe wa Mwantumu hagusi hata ulimi. Mwiko gani huo unaofungwa jikoni kwangu tu?

"Hana mwiko huyu," nikasema. "Kaka yake alinyonya mifupa nyumbani kwangu, Idd, mbele ya macho yangu na yake. Muulize vizuri."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuza shingo, na wale wasioweza kugeuza shingo wakageuza macho. Shamimu alijifunika khanga usoni. Asnath alitutazama sote wawili, kisha akaniomba nisubiri nje kidogo. Nikamwambia sitoki. Akaniomba tena. Nikamwambia mimi nimeketi hapa tangu jana na kigoda kimeshanizoea.

Asnath hakubishana na mimi. Aliinama, akamshusha Shamimu ile khanga.

"Dada, leo utalala mikononi mwangu," akasema. "Hutaweza kuniambia kitu ukiwa umelala. Kwa nini huli ng'ombe?"

Shamimu alinitazama mimi, hakumtazama yeye. Machozi yakaanza kushuka, akasema polepole, na kila neno nililisikia.

Ile pilau ya siku alipoingia nyumbani kwangu aliila yote, na aliipenda. Saa kadhaa baadaye, sote tumekwisha kulala, mwili ukaanza kumwasha. Mapele yakamtoka kuanzia tumboni mpaka shingoni, midomo ikavimba, kifua kikambana akawa anavuta hewa kwa shida. Adamu alikuwa ameitwa safari ya lori jioni ile ile. Shamimu alitoka akakaa nje karibu na choo, amejifunika, akisubiri ama ipite ama afe. Ikapita. Kulipokucha alijifunga mtandio mpaka puani akaniambia ana mafua. Nayakumbuka mafua yale. Nilimpikia tangawizi.

"Siku zile sikujua ni nini," akasema. "Niliporudi kwetu kusalimia, mama akapika ng'ombe, ikanipata tena vile vile. Nikajua si mkono wako, mama. Ni nyama yenyewe."

"Sasa kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Ningesemaje? Niseme bibi harusi alivimba kwa chakula cha mama mkwe siku ya kwanza, halafu ndiyo nieleze? Watu wangesikia nusu ya kwanza tu. Nilikuwa nimeshasikia habari ya Bi Mwanaidi. Nikaona mwiko hauulizwi."

Nilikuwa nimeishi na binti huyu nikidhani ananidharau, kumbe alikuwa amesimama mlangoni kwangu analinda jina langu, na ulinzi wenyewe anaulipia kwa kununiwa na mimi.

Asnath hakutuachia nafasi ya kulia vizuri. Aliuliza upesi kama Shamimu amewahi kung'atwa na kupe. Shamimu alicheka katikati ya machozi, na mimi nikacheka. Baba yake ana ng'ombe Mazingara, na yeye amewachunga tangu utoto. Kumuuliza kama ameng'atwa na kupe ni kama kumuuliza kama amewahi kunyeshewa. Alivuta khanga akaonyesha vifundo vya miguu, vina makovu madogo meusi kila mahali.

Ndipo Asnath akatueleza. Mate ya kupe humfundisha mwili wa mtu, si kila mtu, kuikataa nyama ya ng'ombe na wanyama wa namna hiyo. Ndiyo maana inampata mmoja katika nyumba na kumwacha mwingine. Akila, inachelewa saa kadhaa kwa kuwa tumbo linaisaga kwanza. Lakini maji yale yanaingia mshipani moja kwa moja, hakuna cha kuchelewa.

"Wengi nawawekea na hawapati lolote," akasema. "Wewe presha ingeanguka ukiwa mezani, chini ya mashuka, mapele siyaoni. Ningedhani ni damu inapotea, ningekuongezea chupa nyingine ya hiyo hiyo."

Alisema kwamba kipimo cha kuthibitisha hapa hakuna, lakini haoni haja ya kuthibitisha kwa roho ya mtu. Akaandika kwa herufi kubwa juu ya faili, akatoka.

Daktari Mhina alikutana naye kwenye korido. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na sijawahi kuona sababu ya kuziba masikio. Daktari ni mtu mpole mwenye haraka. Alisema uvimbe ule ni mkubwa, damu iliyopo haitoshi, na maji ya chumvi peke yake hayakai ndani ya mishipa muda mrefu. Maji mazito yamemwokolea akina mama wengi na hajaona aliyedhurika. Kama tatizo ni ng'ombe, je, yale maji mazito mengine, yanayotengenezwa kwa wanga wa mahindi? Asnath akamjibu kwamba ya wanga yana kesi yake na figo, wakubwa wa fani wameshayakataza sehemu nyingi, na hawezi kukimbia shimo moja aingie jingine.

"Daktari, wewe shika kisu, mimi nashika pumzi yake," akasema. "Chupa hiyo siifungui. Tutafute damu, tumpasue kesho."

Daktari alikuna kidevu. Kisha akauliza ile habari ya mapele upya, toka mwanzo, akaisikiliza bila haraka safari hii. Alipomaliza kuisikia aliingia chumba cha upasuaji, akaitoa mwenyewe ile chupa kwenye stendi iliyokuwa imeshaandaliwa, na kumwambia muuguzi asimpangie mgonjwa huyu kitu chochote kabla hajamuuliza Asnath. Namheshimu mtu anayeweza kusikia.

Basi tukatafuta damu. Adamu alifika na vumbi lake la safari, akapimwa, ikalingana, akatoa. Kibwana alikuja na pikipiki kutoka Mazingara, ikalingana, akatoa na kuomba soda. Nilimtazama amelala pale mkono umenyooshwa, nikaona kumbe mifupa yangu ya Idd haikwenda bure. Nami nikakunja mkono wa gauni. Kijana wa maabara akaniuliza umri, akaniambia nimeshapita. Nilimweleza kwamba mimi nanyanyua sufuria ya watu mia, yeye hawezi kunyanyua hata mfuniko wake. Akakubali hilo, ila damu akaikataa. Mpaka leo sijamsamehe.

Kesho yake walikuja na kitanda cha magurudumu. Shamimu alikuwa amevalishwa gauni la kijani, mdogo ndani yake kama alivyokuwa siku anaingia kwangu. Nilimshika mkono mpaka kwenye mlango ambao hatupiti sisi. Nilitaka kumwambia mambo mengi. Nilimpenda binti huyu, nilikuwa nampenda siku zote, hasira ndiyo iliyokuwa imekaa juu yake.

"Ukirudi nitakupikia kisamvu," nikamwambia.

"Kwenye ya bluu, mama," akasema, na mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye benchi. Adamu alizunguka uwanja wa hospitali mpaka mlinzi akamuuliza anatafuta nini. Mimi sikuzunguka. Nilikuwa na hofu, lakini nilikuwa nimemwona yule Msambaa akikataa, na mtu anayejua kukataa namna ile hajisahau kazini. Nikamwomba Mungu, nikamalizia kwa kumwombea na Asnath.

Alitoka yeye kwanza, barakoa ikining'inia sikioni, jasho kwenye paji la uso. Alisema damu ilitoka nyingi kama walivyotarajia. Kuna mahali presha ilishuka ghafla, na hapo hakuwa na haja ya kubahatisha. Alijua ni damu na si kitu kingine, kwa kuwa kitu kingine alikuwa amekiacha nje. Akafungulia maji ya chumvi, akampa damu ya mumewe, kisha ya kaka yake, presha ikapanda ikatulia. Uvimbe umetoka, kizazi kimebaki. Adamu alikaa chini sakafuni pale pale. Mimi nilimshika Asnath mashavu yote mawili kama mtoto wangu, akaniacha.

Tulirudi Kabuku. Shamimu akapata rangi, akawa anapanda ngazi ya mlango bila kushika ukuta. Karatasi ya hospitali inayosema asiwekewe maji yale Adamu aliifunga kwenye plastiki, inakaa kwenye mkoba wa mkewe. Lakini karatasi inasomwa na madaktari tu. Kwa watu wengine wote hadithi ilikuwa ile ile ya mwiko, na Shamimu hakuniomba niibadilishe.

Ikafika harusi ya mtoto wa jirani. Nilipika mimi, ng'ombe mzima. Tulikaa wanawake uani, sahani zikapita, na mbele ya Shamimu nikaweka kisamvu chake. Pembeni yake alikuwa Rosina, mwenye duka la vitenge barabarani, mwanamke ambaye maneno yake yanafika Segera kabla ya basi. Rosina akacheka akasema mwiko huu wa Mazingara mgumu kweli, hata harusini hauna likizo. Shamimu akatabasamu, akafungua mdomo kuanza kueleza ya wazee wake.

"Hakuna mwiko," nikasema.

Nilikuwa nimesimama kwenye sufuria, upawa mkononi. Wote wakanigeukia. Shamimu alinitikisia kichwa taratibu, niache. Sikuacha.

"Huyu akila ng'ombe anavimba, pumzi inakatika. Mara ya kwanza alivimba nyumbani kwangu, kwa nyama niliyoipika mimi, kwa mikono hii. Alikaribia kufa, akanyamaza, akajitungia mwiko ili nisisemwe."

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza, na waliisikia. Mwanamke mmoja alirudisha tonge sahanini. Mwingine akaanza kuchungulia mchuzi wake. Nilimwona Bi Mwanaidi na upawa wake ukutani. Hata hivyo nikasema na nusu ya pili, polepole, ya kupe na ya hospitali na ya ile chupa ambayo ingemmaliza, nikaisema yote mpaka mwisho, huku nikijua kwamba huenda ninapika shughuli yangu ya mwisho. Nilipomaliza, hakuna aliyekula.

Shamimu akainuka. Alikuja mpaka nilipo, akautoa upawa mkononi mwangu, na mimi nikauachia. Akachota nyama, ile asiyoweza kuionja, akachagua kipande kizuri chenye mfupa, akakiweka kwenye sahani ya Rosina.

"Kula, dada," akasema. "Hii haimdhuru mtu ila mimi. Ningekuwa naweza, nisingekuachia."

Rosina alikitazama kile kipande. Kisha akakishika kwa mikono miwili, akakila, sote tukimwangalia taya, na alipofika kwenye mfupa akasukuma sahani mbele aongezewe. Sahani nyingine zikaanza kuja. Nilivuta kigoda nikakaa, jambo ambalo sijawahi kulifanya katika shughuli niliyoipika mwenyewe, nikamwacha binti yangu apakue.